Watu wa Arusha, Jumapili mnaipeleka wapi familia ukiacha baa yenye bembea?

Mwana Kaloleni:

Wakuu, salama?

Uzi huu ni wa wenye familia hapa Arusha na jirani zetu wa Moshi. Wale wa "tukutane saa nne usiku" wapite tu, wana nyuzi zao.

Mama mzazi amekuja kukaa nasi huku Moshono kwa muda, na wajukuu wakashikilia kwamba lazima bibi yao apewe mtoko. Tukaenda sehemu moja upande wa Njiro, jina naliacha. Kwa macho ni pazuri: majani yamekatwa, bembea zipo, lile puto kubwa la kurukia lipo, moshi wa nyama unakupokea getini. Tumekaa saa saba na nusu. Spika imeelekezwa moja kwa moja kwenye sikio la bibi, mpaka akaniuliza bwana harusi ni nani. Chakula kimefika saa kumi na robo. Kuku wa watoto kaungua nje, ndani bado anatoa damu, na kwenye bili kuna kitu kinaitwa "huduma" ambacho hadi leo sijakijua. Watoto wenyewe walifurahi, maana hawakuona kingine zaidi ya puto.

Sililalamikii baa hiyo peke yake. Zunguka Njiro, Sakina, Kisongo, nenda mpaka Usa River, utakuta mtoko wa familia siku hizi maana yake ni kukaa. Unainuka kwenye kochi lako, unakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki cha mtu mwingine, unaagiza, unasubiri, unakula, unalipa, unarudi kupanga foleni ya magari pale Impala. Mtoto akiulizwa Jumatatu alikwenda wapi, anataja alichokula.

Sisi watoto wa Kaloleni miaka ya themanini mtoko wetu ulikuwa wa miguu. Baada ya ibada baba hakuvua tai. Alikuwa anasema tu, "Vaeni viatu, tunakwenda mjini." Kaloleni na mjini ni pua na mdomo, lakini mzee yule aliweza kuufanya mwendo ule uwe safari. Tunapita Mnara wa Mwenge, anatusimamisha tuangalie michoro yake. Tunashuka hadi barabara ya Sokoine tunatazama vioo vya maduka yaliyofungwa. Na humo ndani hamkuwa na kitu cha maana jamani, ilikuwa enzi ya kupanga foleni ya sukari, lakini tulitazama hivyo hivyo. Kisha Metropole. Pesa ikiwepo tunaingia, picha la Kihindi, dada yangu analia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Isipokuwepo tunasimama nje kwenye mabango na baba anatusimulia picha aliyowahi kuiona yeye, na nina hakika nusu alikuwa anatunga. Mwisho soda, chupa moja watoto wawili, mnainywa pale pale kaunta kwa sababu chupa haitoki dukani. Dada anaweka kidole kwenye chupa kuonyesha mpaka wake ni wapi, na mimi nikifika kwenye kidole naambiwa "haya, lete".

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Nataka mahali ambapo bibi wa miaka sabini na kitu atasikilizana na wajukuu, watoto watatembea, na nyama itafika kabla jua halijazama. Nawasilisha.

Mdadisi Mpole:

Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye mji wao.

ChaliiWaSakina:

Mkuu, ulikosea ulipokaa mezani kwanza. Hapa Arusha nyama haiagizwi mezani. Mwenye kukaa mezani na kuagiza kwenye karatasi yenye picha ndiye anayeletewa mifupa.

Nenda Kwa Mromboo, kule Muriet. Daladala zipo, kama una gari ndiyo kabisa. Ukifika usiulize menyu, nenda moja kwa moja kwenye bucha. Nyama inaning'inia pale, unaiona kwa macho yako. Sema unataka wapi: mbavu, paja, au nundu kama ipo na kama una meno. Mwambie akate mbele yako na aweke kwenye mizani mbele yako. Muulize bei ya kilo na uchomaji umo ndani au uko pembeni, maana hapo ndipo wageni wanapoumizwa. Kisha usiondoke! Isindikize nyama yako hadi kwenye moto, mjue mchomaji kwa sura, mwambie meza yako ni ipi. Kipande chako kina alama, kijiti au karatasi yenye namba, kiangalie hicho. Mpe mchomaji salamu ya heshima na umwambie una mzee, nyama iive polepole, isikauke.

Hapo ndipo unarudi kukaa. Saa nzima itapita, hilo lipo, nyama nzuri haina haraka. Lakini hukai bure: mwagize mtu supu. Ile ya mbuzi iliyotiwa miti ya Kimasai bibi ataipenda, uchungu wake unazibua kifua, na kwa baridi hii ya Julai ni dawa kamili. Nyama ikija inakatwa kwenye kibao mbele yenu, chumvi pembeni, ndimu, pilipili ya kuponda, kachumbari, ndizi za kuchoma. Ndizi waambie mapema, zinawahi kuisha. Ugali kwa anayetaka.

Kuhusu kelele, nenda mapema. Saa sita mchana wenye spika bado wamelala.

mama_Njiro:

Nimesoma uzi huu nikiwa naosha vyombo, kwa hiyo mnisamehe nikiwa mkali.

Mwana Kaloleni kaka yangu, umeandika vizuri mpaka nimeona tai ya mzee. Ila nimetafuta humo ndani yote, mama yuko wapi? Baba na watoto wako Metropole, wanatazama vioo, wanakunywa soda. Mama amebaki Kaloleni anafanya nini? Mimi nakwambia. Anachambua mchele, anapika pilau, anafua sare za Jumatatu, na jioni mnarudi na vumbi mnauliza chakula kiko wapi.

Hizo baa zenye bembea mnazozisema vibaya ndizo Jumapili yangu. Siku hiyo sipiki, sioshi sufuria, sikati kitunguu. Nakaa na miguu yangu juu ya kiti cha pili. Watoto wanaruka kwenye puto, namwona kila mmoja bila kuinuka. Spika ipige mpaka ipasuke, mimi napumzika. Kuku akichelewa, vizuri zaidi, maana akiwahi tunawahi kurudi.

Kama mnataka watoto watembee, waume zetu muwachukue mtembee nao. Hakuna aliyewazuia.

Mdadisi Mpole:

Haya sasa. Uzi umeiva.

Mzee wa Kijenge:

Vijana, habari za saa hizi.

Nimeishi Kijenge tangu kabla nyumba zenu za Moshono hazijajengwa, wakati kule ni mashamba ya mahindi na migomba. Hizi sehemu za kula hazikushuka kutoka mbinguni. Mji huu ulikuwa na hoteli za watalii upande mmoja na vilabu vya pombe upande mwingine, katikati palikuwa na mahoteli ya chai na maandazi pale stendi. Mwaka 1995 ikaja Mahakama ya Rwanda, ile ya kesi za mauaji ya kimbari, wakakaa AICC, jengo la mikutano ya kimataifa. Wakaja na familia zao, mishahara ya dola, wakapanga Njiro, Kijenge, Sekei. Watu wale walitaka pa kukaa na watoto wikendi, wakajengewa. Bustani, bembea, kuku wa kukaanga, vyote hivyo ninavyoona mimi vilianza kwa ajili yao. Mahakama ilipofunga milango Desemba 2015 zile bustani zilibaki, ikabidi zitafute wateja wengine, nasi tulikuwepo na vijipesa vyetu. Hayo ni maoni yangu, mwenye mengine aseme.

Kuhusu Metropole, huyu kijana kasema kweli lakini kaacha kitu. Jumapili ilikuwa siku ya Wahindi. Walikuja familia nzima, bibi mpaka kitoto cha mgongoni, wanawake wamevaa sari za kwenda harusini. Wengine tulikwenda kutazama hizo sari kuliko picha lenyewe. Viti vya mbele bei chee, ukitoka humo shingo inauma mpaka Jumatano. Tusisahau kwamba huku bara televisheni haikuwepo mpaka 1994 vituo kama ITV vilipoanza. Kilichoua sinema kwanza ni video. Kila mtaa Ngarenaro, Levolosi, Unga Limited ulikuwa na banda lake, mabenchi ya mbao, pazia la gunia, mtoto analipa kidogo anaona Wachina wanapigana tangu asubuhi. Baba mwenye tai hawezi kumpeleka binti yake kwenye banda la video. Ndipo mtoko ule ulipokufia.

Na watoto wa mabanda hayo ndio waliokuja kutuletea rap. X Plastaz, Watengwa wa hapa hapa Kijenge, halafu Nako 2 Nako na Weusi. Wanangu waliniburuza hadi uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaona. Nilikaa nikiwa nimeziba masikio, lakini nilikaa.

Kibosho Juu:

Poleni na mji wenu wa foleni. Njooni Moshi.

Kutoka Arusha ni kilomita 80 hivi, mkitoka asubuhi mapema mtakunywa chai kwetu. Mji wetu unatembeleka kwa miguu. Shuka pale mnara wa saa, upande wowote utakaokwenda utafika mahali. Kuna kivuli cha miti, kuna usafi, na ukitupa ganda la ndizi chini kuna mtu atakutazama mpaka uliokote. Mpeleke bibi Union Café ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, akanywe kahawa ya mlimani. Chama hicho ni cha mwaka 1933, na kama bibi ana asili ya huku, kuna kila dalili kwamba baba yake aliwahi kupeleka buni chamani. Watoto wapeleke YMCA wakaogelee. Jioni mawingu yakifunguka, mlima unaonekana wote, Kibo na Mawenzi, na hakuna atakayekutoza "huduma".

Wakitaka kuruka majini kuna Chemka, unaingilia Boma Ng'ombe unaelekea Rundugai. Maji ya vuguvugu, yanaonekana mpaka chini, mizizi ya miti imeingia majini, kuna kamba ya kujirusha. Vumbi la njia hiyo lakini ni habari nyingine, vaeni nguo msizozipenda. Na wasiojua kuogelea wakae pembeni, kina chake kinadanganya macho.

Ninachotaka kusema hasa ni kwamba sisi Wachaga mtoko wa kula hatujauzoea, na msitucheke. Mtoko wetu ni mmoja, wa kurudi kijijini Desemba, mnaouita kwenda kuhesabiwa. Mwaka mzima mtu anabana Dar, anakula chipsi mayai amesimama, ikifika tarehe 20 anapanda basi kwa nauli ambayo mwezi mwingine ingempeleka na kumrudisha. Treni ya Dar ilivyorudi mwaka 2019 tulipumua kidogo, na mwaka uliofuata ikawafikia hata ninyi Arusha. Akifika kijijini anakuta mbuzi ameshafungwa kwenye mgomba.

Hapo ndipo kula kwenyewe. Asubuhi kisusio. Kwa mgeni nieleze: damu ya mbuzi, vipande vya nyama na vya ndani, vinachemshwa pamoja na viungo, unakunywa kikiwa cha moto umesimama kando ya jiko la nje, mikono miwili kwenye bakuli kwa sababu ya baridi. Anayekiogopa anapewa mtori, kama mzazi. Mchana machalari, yaani ndizi na nyama, na kiburu, ndizi na maharage, kwa wazee. Mbege imeshapikwa siku kadhaa kabla, ndizi mbivu na ulezi, na ile msesewa, gome la mti, ya kuitia uchungu. Shangazi ndiye anayejua lini imefika. Anaonja, anakunja uso, anasema "kesho". Ukoo mzima unasubiri uso wa shangazi.

Ikija kwenye kugawa nyama, kila kiungo kina mwenyewe. Mzee ana chake, mjomba ana chake, wake walioolewa wana chao. Mtoto wangu aliyezaliwa Dar alitaka paja kwa vile ndilo kubwa. Babu yake akamwita, akamkalisha, akamweleza mnyama mzima kiungo baada ya kiungo na kila kiungo ni cha nani. Somo lilichukua muda mrefu kuliko kula. Sasa hilo baa ipi ya Njiro itakupa?

mama_Njiro:

Na kisusio hicho anakipika nani, Kibosho? Na ndizi za machalari anamenya nani, sufuria nzima, utomvu hautoki mikononi wiki nzima? Mimi nimeolewa Marangu. Tuulizane tu.

Kibosho Juu:

Shemeji kumbe wewe ni wetu! Mbuzi tunachinja na kuchoma sisi wanaume.

mama_Njiro:

Mbuzi mmoja. Ndizi mikungu minne.

Mgeni wa Dar:

Mimi nilikuja Arusha mwezi wa saba kwa shati la mikono mifupi nikadhani ni mahali pa kawaida. Mambo ya bembea siyajui, nilikaa karibu na jiko la mchoma mahindi mpaka akaniuliza kama namdai.

Ila chakula cha Arusha nakipa alama. Kuna ile sehemu Mtaa wa Msikiti, Khan's, mchana ni duka la vipuri vya magari, jioni wanatoa majiko nje wanachoma kuku na mishkaki, na meza ya saladi na michuzi ya Kihindi unajipakulia mwenyewe. Watoto wangu waliipenda kwa sababu hakuna aliyewaambia watulie. Na hapo mnakwenda kwa miguu kama mmelala mjini. Mwana Kaloleni hiyo ingekufaa, ni mitaa yenu ileile.

Mwalimu wa Zamu:

Niongeze neno kwa mwenye uzi. Umesema unapita na baba Mnara wa Mwenge. Makumbusho ya Azimio la Arusha si yako hapo hapo? Ni ukumbi ule ule ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967, kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari. Watu wa mji huu wanapita nje kila siku wakienda kununua nyanya, ndani hawajawahi kukanyaga. Mimi nawapeleka wanafunzi. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, ndani ni kimya, na kuna mahali pa kukaa kwa mzee. Halafu liko Boma la Wajerumani, la mwaka 1900, nalo ni makumbusho. Na kama mna gari, Ziwa Duluti pale Tengeru: unalizunguka kwa njia ya msituni chini ya miti mikubwa, ndege kibao, nyani wakati mwingine. Bibi asizunguke lote, kuna miinuko. Akae kwenye ukingo, wengine mzunguke mumkute.

Nane Nane ikikaribia usisahau viwanja vya Themi. Mtoto wa siku hizi anakula ng'ombe kila Jumapili na hajawahi kumwona akikamuliwa.

Mwana Kaloleni:

Wakuu, nawashukuru wote. Nimerudi na mrejesho.

Kwanza kwa mama_Njiro. Swali lako nililipeleka kwa mwenyewe, nikamsomea na ulivyoandika. Mama akacheka sana. Akasema pilau alikuwa anaipika Jumamosi usiku, "mliila imepashwa moto hamkujua." Jumapili tukishapotelea kona ya barabara, anatoa mkeka kibarazani, anakuja jirani yake wa Kirangi, wanasukana nywele na redio iko wazi. "Baba yenu nilimfunga tai mimi," akasema, "nilitaka muende mbali." Kumbe mtoko ule ulipangwa na aliyebaki nyumbani. Mke wangu alikuwa hapo anasikiliza, na sikupenda alivyonitazama.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata mke alibaki na mimi nikabeba kikosi. Bibi alikataa kubaki, alisema amebaki vya kutosha. Tukaanza na makumbusho saa nne. Watoto walitazama picha za Mwalimu haraka haraka, wakakaa sana kwenye picha za watu wanaotembea kwa miguu kuunga mkono Azimio, wakaniuliza kwa nini hawakupanda basi. Nikawaeleza nilivyoweza. Bibi alikaa kwenye benchi akawa anamsimulia mdogo wao Kaloleni ya zamani ilivyokuwa, bomba la maji lilikuwa wapi na nani alikuwa anapigana na nani kwenye foleni ya ndoo. Mtoto yule hajawahi kutulia hivyo hata kwenye katuni.

Kutoka hapo Kwa Mromboo, saa sita kamili, kimya, kama ChaliiWaSakina alivyosema. Nikajiandaa kufuata maelekezo. Bibi akanipita. Amesimama mbele ya bucha, akabonyeza nyama kwa kidole gumba, akamwuliza kijana ng'ombe huyu kachinjwa lini, akaikataa ya kwanza, akaikataa ya pili kwamba "hii unanipimia mfupa." Kijana akaanza kusema bei, bibi akamwambia shika kisu kwanza tutaongea baadaye. Tukapata mbavu na kipande cha paja, na cha juu alichoongezewa bure, sijui kwa kuogopwa au kwa heshima. Kisha akaenda kusimama kwenye moto na mkongojo wake. Mchomaji alimletea kiti hukohuko. Ndipo alipokaa mpaka nyama ikaiva, sisi wengine mezani peke yetu.

Supu ya miti aliinywa yote na ya kwangu akaimalizia. Ndizi zilikuwa zimeisha.

ChaliiWaSakina:

Nilikwambia ndizi mapema! Bibi apewe heshima zake, huyo ndiye angeandika maelezo yale badala yangu. Mkirudi chukueni mbuzi mguu wa mbele, ni laini kwa mzee. Usiende mwisho wa mwezi, mnabanana.

mama_Njiro:

Mke wako alifanya nini siku hiyo?

Mwana Kaloleni:

Nilimuuliza. Kasema alilala.

mama_Njiro:

Sawa. Nimeridhika. Jumapili ijayo mchukue na mume wangu, namba yake nakutumia inbox.